Mpunga wa Lusembe Ulikuwa wa Nani

Mlipokuja nyumbani juzi, ninyi vijana mlioachiwa kazi yetu, mkaniuliza, "Babu, ninyi mlikuwa mnafanyaje mpaka halmashauri inaweka fungu la maskini kwenye bajeti?" niliwapa chai nikawaambia nitaandika. Mlicheka, nikaona. Mlidhani mzee anakwepa. Haya, nimeandika. Leo hapa Iringa baridi ni ya kuhifadhi nyama mwaka mzima bila friji, nimejifunika lile blanketi mlilonipa siku ya kustaafu, na mkono unaoandika ndio pekee uliobaki nje.

Kwanza mnijue vizuri, maana mnaniona na miwani mnadhani nilizaliwa nayo. Nilikuwa utingo wa malori. Nimelala chini ya injini nyingi kuliko mafundi wote wa barabara ya Tunduma wakijumlishwa. Shule niliirudia ukubwani, masomo ya jioni, nikaanza kidato cha kwanza nina ndevu. Mwalimu wa hesabu alikuwa mdogo kwangu, akawa ananipa sifuri huku ananiita "baba". Nilikaa darasani mle muda mrefu hadi mfagiaji akawa anafagia kunizunguka kama dawati. Lakini nilimaliza, nikapata na cheti cha maendeleo ya jamii, na chama kimoja kidogo Mbeya kikanichukua kuwa mhamasishaji. Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Meza ilikuwa na miguu mitatu, wa nne ni tofali.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sekela. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliuza ndizi sokoni miaka mingi kabla hajaingia kwenye shughuli hizi, na sauti yake akiwa Uyole ungeisikia Makambako upepo ukiwa mzuri. Siku ya kwanza alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe Mhehe, umewahi kumdai konda chenji?"

"Nilikuwa utingo, mama. Mimi ndiye nilikuwa nadaiwa."

"Vizuri. Aliyeipata chenji yake kwako ni yupi, aliyekuomba au aliyekudai?"

Nikamwambia aliyeipata ni yule aliyekataa kushuka. Akaniambia basi kazi naijua, kilichobaki ni nauli. Msisitizo wake ulikuwa huo siku zote: fedha za halmashauri ni ushuru wa mama anayeuza nyanya na kodi ya mtu aliyenunua sukari, kwa hiyo maskini anapotaka sehemu yake hasimami kama aliyekuja kuomba maji. Anasimama kama aliyetoa noti kubwa na anangoja chenji.

Sasa mimi na cheti changu kipya nilidhani najua kuliko hapo. Mara ya kwanza kusimama mbele ya madiwani, hapa hapa Iringa, nilizungumzia "uwezeshaji shirikishi wa kimkakati kwa makundi ya pembezoni". Niliyakariri njia nzima. Nilipomaliza, diwani mmoja mzee akavua kofia, akakuna kichwa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, hicho unachotaka kinaliwa au kinavaliwa?" Ukumbi mzima ukalala kwa kicheko. Mama Sekela alicheka kuliko wote, na alikuwa upande wangu.

Tangu hapo nikawa nasema jambo kama lilivyo. Mkitaka madawati, semeni madawati. Mkitaka wazee wa kijiji fulani wapate ruzuku, mjue wazee wenyewe ni akina nani na jana walikula nini. Jambo lingine, nendeni mapema. Bajeti ni kama ugali, ukifika umeshasongwa huwezi tena kuongeza maji. Ninyi mnaanza kelele mwezi wa sita, wakati vitabu vimefungwa, halafu mnasema serikali haisikii. Mawazo ya kijiji yanatakiwa yapite mkutano wa kijiji, yaende kamati ya kata, yafike wilayani kabla mwaka mpya haujachangamka. Na muhtasari wa mkutano uwe na mhuri wa mtendaji. Bila mhuri, hata mkilia machozi ya kumwagilia bonde zima la Usangu, ni machozi tu.

Na msiwadharau madereva. Dereva wa halmashauri anajua bosi wake atakuwa wapi kesho kuliko bosi mwenyewe.

Basi, niwape la Lusembe. Nimekipa jina hilo kijiji chenyewe kwa sababu watu wake wapo na wana haya zao. Kiko upande wa Chimala, ukiacha lami unaingia bondeni kwenye majaruba ya mpunga. Ukifika kule mwezi wa pili utadhani Mungu alimwaga rangi ya kijani akasahau kufunika kopo. Mpunga mbele, mpunga nyuma, maji yanapita mferejini, ng'ombe kwa mbali.

Mwaka huo halmashauri ilikuwa inapanga vijiji vya kuingia kwenye mpango wa kaya maskini. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza: katika miezi ya njaa, kaya zisizo na kitu zinapewa kazi za mikono za kulipwa, kama kuzibua mifereji na kutengeneza barabara za mashambani, na wasiojiweza wanapewa ruzuku bila kazi. Lusembe iliomba iingie, kazi yao iwe kuukarabati mfereji wao uliobomoka. Karatasi zao zilikamilika, mhuri juu. Kilichobaki ni afisa mipango kuja kuona kwa macho kabla baraza la madiwani halijakaa.

Afisa huyo alikuwa Bwana Kayombo, kijana mnyoofu, haongezi chumvi wala hapunguzi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mgaya, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, Mbena, aliyekuwa akituita mimi na Mama Sekela "watu wa barabarani". Mzee Mgaya aliposikia mgeni anakuja, akafanya alichofanya baba yake na babu yake. Aliamuru uwanja ufagiwe. Watu wakaazimana mashati. Viti vikatoka kanisani, sahani zikatoka kwa akina mama wa kwaya. Kukachinjwa kuku, kukapikwa wali ambao ukiufunua tu harufu yake inakuita kwa jina la ubatizo. Watoto walioshwa mpaka wakawa wanang'aa. Mimi niliongeza sahani. Niliongeza na ya pili, nisiwafiche.

Bwana Kayombo alikula, akatazama majaruba, akapiga picha, akashukuru. Wiki ile ile nikasikia toka kwa dereva wake alichoandika: kijiji kinajitosheleza kwa chakula, kina mpunga wa kutosha, kipaumbele kiende kwingine.

Nilipomwambia Mama Sekela alijifunga khanga kiunoni. Kisha akasema, "Twende."

Hatukwenda kwa mwenyekiti. Tulikwenda kwa Enea, mjane aliyekuwa mpishi mkuu wa siku ile. Tulimkuta nyuma ya nyumba anasugua sufuria kubwa ya kwaya kwa majivu ili airudishe. Alikuwa anawalea wajukuu, mama yao alishafariki. Jikoni kulikuwa na mboga za maboga na unga kidogo, na nusu eka yake ya mpunga ilionekana kwa mbele, karibu na mfereji, mpunga mzuri unaofika magotini.

Mama Sekela alichuchumaa akashika upande wa pili wa sufuria. Wakawa wanasugua wote.

"Enea, siku ile sikukuona ukila."

"Mpishi anashiba moshi, dada."

"Ule mpunga pale mbele ni wako?"

Enea alitazama sufuria. "Ulikuwa."

Ndipo tukaambiwa. Mwezi wa kwanza na wa pili, akiba ya mwaka jana imekwisha na mpya haujaiva. Mtoto anaumwa, au shule inataka sare, au hakuna unga. Mnunuzi anakuja toka mjini, anatazama jaruba likiwa bado kijani, anataja bei ya kukutoa machozi, na wewe unakubali kwa sababu jioni lazima kupikwe kitu. Toka hapo mpunga ni wake. Wewe unaendelea kuupalilia, na siku ya kuvuna unaitwa kibarua kwenye shamba lako mwenyewe. Pale Lusembe walikuwa na desturi juu ya hilo, na waliiheshimu kuliko sheria za serikali: ukishauza, huingii tena ndani ya jaruba mpaka mnunuzi akuite. Unatembea juu ya tuta tu, ule ukingo wa udongo unaotenganisha jaruba na jaruba.

"Na wali tuliokula?" nikauliza. Sahani zangu zote zilikuwa zinanitazama.

"Tulichanga, tukanunua Chimala," Enea akasema. "Kaka, tungewapa wageni nini? Maboga?"

Akatuambia na jambo lililokuwa linamkosesha raha. Mnunuzi amerudi, safari hii anataka nusu eka yenyewe, ardhi. Enea alishamwambia angoje mpaka asikie kama Lusembe imepata kazi za mfereji. Ikipata, atakula kwa jasho lake hadi mavuno. Isipopata, anauza. Hakulia akisema. Alisugua tu.

Vijana, hapo ndipo mtaniambia, "Babu, si mngepiga picha mkatuma kwenye grupu?" Picha ya nini? Simu ingeonyesha kijani. Hata Bwana Kayombo alikuwa nazo picha, nzuri kabisa. Hakusema uongo, aliandika alichokiona na alicholishwa.

Tukaenda kwa Mzee Mgaya. Alitupokea amesimama, dalili mbaya.

"Mnataka nimwite mgeni nimwambie kijiji changu kina njaa?"

"Mwenyekiti, tunataka ajue ukweli," nikasema.

"Wewe Mhehe, nyumbani kwenu mgeni akija mnamwonyesha sufuria tupu?"

"Kwetu mgeni akija tunaficha mbwa kwanza," nikajibu, "asije akadhani tumemwandalia." Utani huo wa Wahehe kula mbwa umeniokoa mara nyingi njia nzima ya nyanda za juu. Hakutaka kucheka, lakini kofia ilitikisika.

Mama Sekela akaingilia hapo hapo, pama ikiwa bado inatikisika. "Baba, sitamuuliza mtu yeyote kama ana njaa. Hilo swali ni la kumvua mtu nguo. Nitauliza mpunga ni wa nani, basi. Kuna aibu gani kwenye kuulizwa mpunga ni wa nani?"

Mzee Mgaya alikaa chini polepole. Hakusema ndiyo. Alisema, "Viti vya kanisani sivitoi tena," na Mama Sekela akanikonyeza kwamba tumepata.

Kumrudisha Bwana Kayombo ilikuwa kazi nyingine. Tulikaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake Rujewa hadi benchi likachukua umbo langu. Kila akitoka anatukuta. Anasema ameshaandika, anaingia. Anatoka, yupo Mama Sekela anachambua maharage yake mapajani kama yuko kwake. Mwishowe akasimama mbele yetu.

"Mama, kwa nini nirudi mahali nilipokwishafika?"

"Kwa sababu mara ya kwanza ulikwenda kula. Safari hii tunakuita kazini."

"Hamtapika?"

"Hata chai."

Dereva aliyekuwa anasikiliza mlangoni alisikitika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, misiba ikiwemo.

Siku yenyewe jua lilikuwa la kuchemsha maji ya mfereji. Kijiji kizima kilikusanyika kando ya majaruba, bila mashati ya kuazima. Diwani alikuwepo, mtendaji alikuwepo. Bwana Kayombo alishuka kwenye gari na kalamu yake. Mama Sekela hakutoa hotuba. Alipanda juu ya ukingo wa mfereji akasema jambo moja tu.

"Kila mtu aende shambani kwake. Ambaye mpunga wake bado ni wake, aingie ndani ya jaruba asimame. Ambaye ameshauza, akae juu ya tuta."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Walijua desturi yao, na kuidanganya desturi mbele ya majirani ni jambo ambalo mtu wa Lusembe hawezi. Wakatawanyika. Nilikuwa nimeshafanya kazi hii miaka, nimesikia hotuba za kutoboa bati, lakini sijaona kitu kama kile. Watu wakajipanga juu ya matuta, mmoja mmoja, akina mama na khanga zao, wazee na fimbo zao, mstari baada ya mstari mpaka macho yanapokoma. Katikati yao mpunga wa kijani umetulia, hauna mtu. Mzee mmoja tu aliyekuwa na mtoto anayefanya kazi mjini aliingia kwenye jaruba lake, akasimama peke yake, na alionekana kama ndiye aliyefumaniwa.

Halafu Mzee Mgaya akaingia lake.

Lilikuwa kubwa kuliko yote, karibu na barabara. Aliingia na viatu, maji yakampanda, akasimama katikati na pama yake kichwani akitazama mbele kama yuko kwenye gwaride. Bwana Kayombo akaanza kuandika. Jaruba la Enea lilipakana na la mwenyekiti, naye alikuwa juu ya tuta hatua chache toka kwake. Alisema bila kupaza sauti, lakini juu ya maji sauti inafika mbali.

"Baba Mgaya, toka. Utamkanyagia mwenyewe."

Mzee akavua kofia. Akatoka majini, akapanda kwenye tuta upande wa Enea, viatu vinatoa maji, akasimama na wenzake. Baadaye alituambia aliuza kabla ya wote, mke wake alipolazwa, na hakuwahi kumwambia mtu; Enea, jirani yake wa jaruba, alimwona tu mnunuzi akilipima.

Bwana Kayombo aliacha kuandika. "Mwenyekiti," akauliza, "ule wali niliokula ulitoka wapi?"

"Chimala," Mzee Mgaya akasema. "Tuliununua. Wewe ni mgeni wetu."

Kijana yule alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua viatu na soksi, akakunja suruali. Alitembea juu ya matuta yote, tuta kwa tuta, anasalimia, anauliza mpunga ni wa nani, wameuza lini, anasonga mbele. Diwani ikabidi avue na yeye. Dereva alibaki kwenye gari, bado ana huzuni ya chai.

Sasa msije mkadhani ilikuwa pilau kuanzia pale. Barazani kulikuwa na mvutano. Kuna waliosema bonde la mpunga haliwezi kuwa na maskini, kwamba huo ni uvivu. Bwana Kayombo alisimama akawaambia, "Waheshimiwa, mimi ndiye niliyeandika kwamba wana chakula. Nilikula chakula chao nikaandika. Naomba mnifutie." Diwani wa Lusembe naye akawaeleza aliyoyaona, akasema hadi leo ana matope kwenye kucha. Tuliomba mfereji mzima, tukapewa kipande. Tuliomba vijiji jirani viingizwe pamoja, vikaambiwa vingoje. Lakini Lusembe iliingia, na kazi zilianza mpunga ukiwa haujaiva, wakati njaa ilipokuwa inauma.

Kwa vile vijiji jirani tulirudi mwaka uliofuata. Tukakataliwa. Tukarudi tena. Mama Sekela alikuwa ananiambia, "Konda bado hajatoa chenji, unashuka uende wapi?" Tulipata kimoja, kisha kingine, na vingine ndivyo mnavyovihangaikia ninyi sasa. Hilo nalisema wazi ili msije mkaniambia kazi ni ngumu kama vile ni habari mpya. Ni ngumu. Nendeni mwezi wa kumi na moja, msingoje wa sita. Na mgeni wa serikali akija, kijiji kimsalimu, kimpe maji ya kunywa, halafu kimtembeze kwa miguu.

Msimu wa pili baada ya siku ile nilipita Lusembe peke yangu. Nilifika kwa Enea mwezi wa pili, saa ya kula, na mnajua mimi saa hiyo huwa siikosei. Alinikaribisha kigodani, akaingia ndani, akatoka na sahani. Viazi vya kuchemsha na chumvi. Akaiweka mbele yangu wala hakuomba radhi.

"Na wali?" nikamtania.

"Wali njoo mwezi wa sita, kaka. Utakula mpaka uite polisi."

Nikala viazi vyangu, nikamaliza. Tukatoka kwenda kuona nusu eka yake, tukifuatana juu ya tuta, yeye mbele. Mpunga ulikuwa magotini, kijani kile kile cha siku zote, na mtu asiyejua asingeona tofauti yoyote na mwaka ule wa Bwana Kayombo. Enea akavua kandambili akaziacha pale, akainua khanga, akashuka majini. Akatembea hadi katikati, akang'oa gugu moja akalitupa kando.

Nami nikainua mguu nimfuate.

"Baki hapo hapo, Mhehe," akasema bila kugeuka. "Huu una mwenyewe."